Nusu Tone

Tone moja linalodondoka kutoka kwenye bureti huwa na ujazo wa takriban mililita 0.05. Likikuangukia mkononi utalipangusa bila kulifikiria. Kwa mwanafunzi wa shahada ya kemia tone hilo ni kubwa mno, na miongoni mwa mambo ya kwanza atakayofundishwa ni kulikata. Hufungua koki kwa gumba na kidole cha shahada mpaka tone livimbe kwenye ncha ya kioo, akaifunga kabla halijaanguka, kisha akaligusisha na ukuta wa ndani wa flaski ili nusu ile iliyoning'inia ishike pale. Huisukuma chini kwa maji kidogo yaliyokenekwa, akatikisa flaski, akatazama. Rangi iliyokuwa njano imegeuka ya chungwa na haikurudi. Nusu tone jingine lingeifanya nyekundu, na yeye angelazimika kuanza upya.

Anayepita nje ya dirisha la maabara haoni cha kumvutia hapo. Anaona kijana aliyevaa dastikoti nyeupe na miwani ya kinga, ameinama mbele ya bomba jembamba la kioo kana kwamba anasubiri liseme. Lakini ukikaa ndani kwa saa tatu, ambazo ndizo kwa kawaida muda wa somo moja la maabara, utaanza kuona kwamba kazi ile ina ustadi wake, na kwamba ustadi huo hujengwa taratibu sana, mkononi kwanza, kichwani baadaye.

Wengi wa vijana hawa wametoka mahali kama Gesima. Gesima iko Masaba Kaskazini, kaunti ya Nyamira, si mbali na mji wa Keroka unaokaa mpakani mwa Nyamira na Kisii. Ni nchi ya vilima na mashamba madogo. Chai imefunika miteremko, migomba imezunguka nyumba, na kwenye kingo za shamba kuna nyasi za nepia za ng'ombe wawili watatu. Mtoto wa huko hujifunza kuchuma chai mapema: majani mawili na chipukizi, basi. Jani lililokomaa likiingia kwenye kikapu, karani wa kituo cha kununulia chai atalirudisha, mbele ya watu. Mchumaji mzoefu haangalii tena anachochuma. Vidole vyake vinajua tofauti kati ya jani la pili na la tatu kwa jinsi shina linavyokatika. Nikitafuta kitu cha kufananisha na kidole cha mkemia kwenye koki ya bureti, sioni kingine kinachokaribia hicho.

Kabla ya chuo kikuu kuna mtihani wa KCSE, wa kumaliza sekondari. Karatasi ya tatu ya kemia ni ya vitendo, na kila aliyeifanya anaikumbuka: miyeyusho kwenye chupa zilizoandikwa herufi, jedwali la kujaza vipimo vitatu, na chumvi isiyojulikana ya kupasha moto na kudondoshea kemikali mpaka ijitaje. Ila karatasi hiyo ina kanuni moja ambayo watahiniwa huijua mapema. Kabla ya mtihani kusahihishwa, mwalimu wa shule hufanya jaribio lile lile na kuandika jibu lake, na sehemu ya alama za mtahiniwa hutegemea jinsi alivyolikaribia jibu hilo. Kwa hiyo mtoto hutoka Kidato cha Nne akiamini kwamba kila kipimo kina jibu lake sahihi lililoandikwa mahali fulani, na kwamba kazi yake ni kulifikia. Ukimwambia lile la mwalimu ni 24.6, chombo chake kitasoma 24.6 hata kama macho yake yameona 25.3. Wanafunzi wenyewe huita hilo kupika.

Shahada ya kemia, kama ninavyoielewa, ni miaka minne ya kuiacha tabia hiyo.

Safari yenyewe si lazima iwe ndefu. Kutoka Gesima unafika Keroka, na kutoka Keroka barabara inashuka mpaka mji wa Kisii, kilipo Chuo Kikuu cha Kisii. Mahali hapo palianza mwaka 1965 kama chuo cha walimu wa shule za msingi, kwenye ardhi iliyotolewa na Baraza la Kaunti ya Gusii. Mwaka 1983 kikapandishwa kuwa chuo cha walimu wa sekondari, mwaka 1994 kikawa kampasi ya Chuo Kikuu cha Egerton, mwaka 2007 kikawa chuo kikuu kishiriki, na Februari 2013 kikapata hati ya kujitegemea. Wengine hupangiwa mbali zaidi: Maseno, Njoro, au Chiromo jijini Nairobi. Nyumbani, majirani hudhani kijana amekwenda kusomea kufungua duka la dawa, naye, baada ya kueleza mara mbili tatu, huwaachia wadhani hivyo.

Somo la kwanza la maana ni kutengeneza myeyusho ambao nguvu yake unaijua mwenyewe, bila kuambiwa na mtu. Chukua sodiamu kaboneti kavu. Ikikaa wazi hunyonya unyevu wa hewa, na unyevu huo utauhesabu kama chumvi usipoangalia. Kwa hiyo hukaushwa kwenye tanuri, ikapozwa ndani ya chombo kilichofungwa chenye kemikali inayonyonya maji. Kupoza huko si mapambo. Kitu cha moto kikiwekwa kwenye mizani hupasha hewa inayokizunguka, hewa hiyo hupanda, na mizani inayosoma mpaka gramu 0.0001 huinuliwa na upepo huo ikakuambia kitu ni chepesi kuliko kilivyo. Alama ya kidole nayo ina uzito. Ndiyo maana chombo hushikwa kwa koleo au kwa kipande cha karatasi, na vijilango vya kioo vya mizani hufungwa kabla ya kusoma, maana pumzi ya anayepima inatosha kuisumbua.

Sasa pima gramu 1.325 za chumvi hiyo. Hakuna anayepata 1.3250 kwa mara ya kwanza, na mwalimu mzuri hatataka uipate. Atataka upate kitu cha karibu, tuseme 1.3187, na uandike 1.3187. Mwanafunzi mgeni hupoteza nusu saa akiongeza chembe na kupunguza chembe ili apate namba ya kwenye karatasi. Aliyekomaa hupima mara moja, akaandika alichopata, akaendelea. Hesabu itarekebisha yaliyobaki. Kwenye tofauti hiyo ndogo unaweza kumtambua nani ameanza kuwa mkemia.

Chumvi humiminwa kwenye bika, ikayeyushwa kwa maji yaliyokenekwa, ikahamishiwa kwenye flaski ya mililita 250 yenye shingo nyembamba na mstari mmoja uliochorwa kuizunguka. Bika husuuzwa mara kadhaa na maji ya kusuuza hutiwa humo humo, kwa sababu kilichobaki kwenye bika ni sehemu ya ile 1.3187. Halafu maji huongezwa mpaka karibu na mstari, na hapo mkono hubadilika: chupa huwekwa chini, dropa huchukuliwa, na tone moja moja hufuata. Uso wa maji ndani ya shingo nyembamba haulali sawa. Hupinda katikati kama umebonyezwa. Kinachosomwa ni sehemu ya chini kabisa ya mpindo huo, jicho likiwa usawa mmoja na mstari. Ukisoma ukiwa umesimama juu yake utaona maji yamefika kabla hayajafika. Ndiyo sababu maabara yote ya mwaka wa kwanza imejaa watu waliopiga magoti.

Kuna pipeti pia. Pipeti nzuri ya mililita 25 imetengenezwa ikijua kwamba tone la mwisho litabaki kwenye ncha yake. Mgeni huliona tone hilo, akahisi anaibiwa, akalipuliza litoke. Na hapo hapo kipimo chake kinazidi. Anayejua hugusisha ncha na ukuta wa flaski, akasubiri kidogo, akaliacha lililobaki libaki. Fundi wa kioo alikwisha kulihesabu.

Vyombo hivi vina historia ya watu waliokuwa na shida za kweli za biashara. Joseph Louis Gay-Lussac, Mfaransa, alitumia njia za namna hii katika miaka ya 1820 na 1830 kupima ubora wa kemikali za viwandani na kiasi cha fedha katika sarafu. Karl Friedrich Mohr, mfamasia wa Koblenz, Ujerumani, aliifanya bureti iwe chombo ambacho mtu wa kawaida angeweza kukitumia kwa mkono mmoja, na mwaka 1855 akachapa kitabu kikubwa kuhusu upimaji wa aina hii. Wote wawili walitaka kitu kile kile: namba ambayo muuzaji na mnunuzi wangeiamini bila kuaminiana wao wenyewe.

Tufuate namba ya mwanafunzi wetu. Kwa zile gramu 1.3187, myeyusho wake umetoka moli 0.04977 kwa lita. Amechukua mililita 25.00, ameutia methili oranji, ile ya kuonyesha rangi, na ameudondoshea asidi ya haidrokloriki asiyoijua nguvu yake mpaka rangi ya chungwa ikasimama. Bureti inasema 25.10. Hesabu inamwambia asidi ni moli 0.0991 kwa lita. Kule sekondari kazi ingeishia hapo. Hapa ndipo inapoanza. Pipeti iliandikwa na kiwanda kwamba inaweza kukosea kwa mililita 0.03, flaski kwa 0.15, bureti kwa 0.05. Jicho lake nalo lina kosa lake, na rangi ya chungwa ya mtu mmoja si ya mwingine. Anatakiwa ayakusanye makosa hayo yote yanayowezekana, ayapitishe kwenye hesabu, na kando ya 0.0991 aandike ni kwa kiasi gani namba hiyo inaweza kuwa imepotoka juu au chini. Mwanafunzi huona kama anaombwa ajishtaki. Huchukua muda kuelewa kwamba namba isiyo na kipimo cha shaka yake haisemi kitu: 0.0991 tupu inaweza kuwa imepatikana kwa mizani ya maabara au kwa kukisia.

Kwa kijana wa Gesima, siku ambayo kemia hugeuka kuwa ya kwake huenda ikawa siku ya kutoa kafeini kwenye majani ya chai. Ni jaribio la kale katika masomo ya kemia ya kaboni, na lina hatua nyingi kiasi kwamba kila hatua humpima mtu upande tofauti.

Gramu 10 za majani makavu huchemshwa kwenye maji pamoja na sodiamu kaboneti. Kafeini huyeyuka vizuri sana kwenye maji yanayochemka, lakini haiji peke yake; hutoka na tanini, zile zinazoipa chai ukakasi. Sodiamu kaboneti ipo kwa ajili ya tanini: huzigeuza kuwa chumvi zitakazopenda kubaki majini. Mchanganyiko huchujwa, ukaachwa upoe. Sasa ni mweusi kama chai ya matanga, na kafeini imo ndani, haionekani.

Hutiwa kwenye faneli ya kutenganishia pamoja na dikloromethani, kimiminika kisichochanganyika na maji na kizito kuliko maji. Kafeini ikipewa nafasi ya kuchagua huhamia humo, tanini zilizogeuzwa hubaki juu. Ila ili ihame, vimiminika viwili vinapaswa kukutana, na hapa ndipo haraka humwumbua mtu. Ukitikisa kwa nguvu, vinashikana na kuwa povu zito la rangi ya kahawia ambalo linaweza kukataa kutengana mpaka somo liishe. Mwenye subira huipindua faneli polepole, akaizungusha, akaielekeza shingo yake kwenye kabati la kufyonza mvuke, akafungua koki kuutoa mgandamizo, akarudia. Kisha huiweka kwenye kishikio na kusimama. Matabaka mawili hujipanga yenyewe. Mpaka kati yao hukaza. La chini, lenye rangi hafifu, huteremshwa hadi mpaka ule ufike kwenye koki. Ni afadhali tone la mwisho lipotee kuliko kuruhusu maji yapite.

Kimiminika kilichopatikana hukaushwa kwa salfeti ya sodiamu isiyo na maji. Chembe za mwanzo hugandana kwa kunywa maji yaliyofichika. Ukiongeza mpaka chembe mpya zielee huru, umejua kimekauka. Kiyeyushi huvukizwa kwa joto dogo, na chini ya chombo hubaki ukoko wa kijani chafu. Wengi huvunjika moyo wakiuona. Lakini kafeini ina tabia ya manufaa: ikipashwa joto kwa uangalifu hugeuka mvuke bila kwanza kuwa kimiminika, na mvuke huo ukikutana na kioo baridi hurudi kuwa kigumu. Uchafu hauifuati. Juu ya kioo hujitokeza sindano nyeupe, nyembamba, safi.

Chai kavu huwa na kafeini asilimia kama 3 hivi, kwa hiyo gramu 10 zingeweza kutoa gramu 0.3 kwa aliyebahatika kupata yote. Hakuna apataye yote. Mwanafunzi hupima alichonacho, hutia sindano chache kwenye mrija mwembamba kama unywele, na huupasha taratibu akisoma kipimajoto. Kafeini safi huyeyuka kati ya nyuzi 235 na 238 za selsiasi. Ikiwa yake imeanza kulegea kwenye 225 na kumalizikia 232, anajua imebeba kitu kingine, kwa maana molekuli geni huvuruga mpangilio wa fuwele na kuifanya iachie mapema na kwa kusitasita. Kipimajoto hakijui jina lake wala alama alizopata KCSE.

Jambo la kupendeza ni kwamba wakemia wakubwa walipita njia hiyo hiyo. Friedlieb Ferdinand Runge aliitoa kafeini kwenye buni mwaka 1819, baada ya mshairi Goethe kumpa punje za kahawa azichunguze. Mwaka 1827 kitu cha namna hiyo kilitolewa kwenye chai, kikapewa jina lake, kwa kudhaniwa ni kitu kingine. Ilichukua zaidi ya miaka 10 kuonyeshwa kwamba ni kile kile. Emil Fischer aliiunda maabarani mwaka 1895. Kati ya Runge na Fischer kuna miaka 76 ya watu kukausha, kupima, kuyeyusha na kutokubaliana.

Kuanzia hapo mwanafunzi akirudi nyumbani likizo, kiwanda cha chai hakimwoneshi tena mambo yale yale. Anajua kwamba majani yaliyosagwa yanapobadilika kutoka kijani kuwa rangi ya shaba, kile ambacho kiwandani huitwa kuchachusha hakina uhusiano na hamira: ni oksijeni ya hewa ikikutana na viambata vya jani, ikisimamiwa na kimeng'enya kilichokuwa kimetengwa nao mpaka seli zilipopasuliwa. Baadhi ya vinavyozaliwa huipa chai ung'avu na uchangamfu, vingine huipa rangi nzito na mwili. Na kwa kadiri dakika zinavyopita, vya kwanza hufika kilele kisha hupungua, na vya pili huongezeka. Moto wa kikaushio hukiua kimeng'enya na kulisimamisha jambo hilo pale lilipofika. Fundi wa kiwanda anayenusa na kushika majani kuamua wakati wa kuyapeleka motoni anatafuta kituo, kama anavyokitafuta mwenye bureti.

Udongo nao umebadilika. Chai hupenda udongo wenye asidi, pH kati ya 4.5 na 5.5 hivi. Kipimo hicho kilibuniwa mwaka 1909 na S. P. L. Sørensen katika maabara ya Carlsberg, Copenhagen, ambako walikuwa wakishughulikia mambo ya bia. Aliyesoma kemia anajua kwamba kati ya 4.5 na 5.5 hakuna hatua moja ya kawaida; kuna tofauti ya mara kumi. Shamba lililotiwa mbolea ya naitrojeni mwaka baada ya mwaka, likateremka kutoka 5 hadi 4, halijashuka kidogo.

Yako mengine mengi katika miaka hiyo minne: mishale ya kuonyesha elektroni zinakohamia, hesabu za nishati, milinganyo ya atomu ya haidrojeni inayowakesha watu usiku wa kuamkia mtihani. Nayapita upesi, si kwa kuyadharau. Ni kwamba hayo yanaweza kusomwa chini ya mwanga wa simu kitandani. Ustadi ninaousifu hapa hausomeki popote ila mbele ya meza yenye kemikali.

Na meza hizo hazitoshi. Katika maabara nyingi za vyuo vyetu wanafunzi hufanya kazi kwa vikundi, mmoja akishika bureti, mwingine akisoma, wa tatu akiandika, wa nne akitazama tu. Umeme hukatika mizani ikiwa bado inatulia. Kifaa kinachopima mwanga hungoja spea. Nimegundua, hata hivyo, kwamba katika kila maabara inayokwenda vizuri kuna mtu mmoja ambaye jina lake halimo kwenye ratiba: teknolojisti aliyefika mapema kukeneka maji, kuandaa miyeyusho ya watu wengi, kupima kila mmoja na kubandika lebo yenye tarehe. Wanafunzi humwita Mzee au Madam kwa heshima isiyo ya kuigiza. Akipita nyuma ya mtu anayetikisa faneli kwa hasira, husema tu, "Pole pole, hiyo haikimbii." Walimu hufundisha kemia, huyo hufundisha mkono.

Kisha kuna daftari. Daftari la maabara huandikwa kwa wino, hapo hapo, si kwenye kikaratasi cha kunakiliwa jioni. Kurasa zina namba, na hakuna ya kuchanwa. Ukikosea hufuti, unachora mstari mmoja juu ya kosa ili lisomeke bado, ukaandika kilicho sahihi kando. Vipimo vitatu vikitoka 25.10, 25.15 na 26.40, cha tatu hakifichwi. Kinaandikwa, na unasema kwa nini umekiacha nje ya wastani: koki ilivuja, au rangi ilipitiliza. Ikiwa huna sababu, huna ruhusa ya kukiacha, rudia. Kwa aliyezoea kupika, kuandika 26.40 kwa mkono wake mwenyewe, mahali ambapo mwalimu ataiona, ni jambo gumu kuliko mlinganyo wowote. Kwa maoni yangu hapo ndipo shahada inapotolewa, bila joho wala picha.

Kwa nini jambo hili liwahusu watu wa Gesima wasiojua bureti ni nini? Waulize wazee kuhusu pareto. Kabla chai haijashika miteremko yote, maua hayo meupe yalikuwa fedha ya nyumba nyingi za Kisii na Nyamira. Yalichumwa, yakakaushwa juani, yakapelekwa kwa chama cha ushirika, na safari yake ikaishia kwa bodi ya pareto kule Nakuru. Lakini mkulima hakulipwa kwa uzito peke yake. Alilipwa kwa kiasi cha pairethrini kilichokuwamo, viambata vinavyoua wadudu, ambavyo Hermann Staudinger na Leopold Ruzicka waliandika kuhusu muundo wake mwaka 1924. Katika ua kavu viambata hivyo ni asilimia 1 au 2 tu, na hupungua yakianikwa vibaya au yakikaa muda mrefu. Magunia mawili yenye uzito mmoja kutoka mashamba mawili jirani yangeweza kuleta malipo tofauti, kwa sababu ya namba iliyopatikana kwenye chumba ambacho hakuna aliyewahi kukiingia. Namba hiyo ilisomesha watoto au iliwarudisha nyumbani. Iliaminiwa kwa sababu hakukuwa na mwingine wa kuipima.

Dunia ya mkulima bado imejaa namba za namna hiyo: asidi ya udongo, naitrojeni iliyomo kweli kwenye gunia la mbolea, mabaki ya dawa kwenye majani ambayo mnunuzi wa ng'ambo huyapima kabla ya kupokea shehena, klorini kwenye maji ya bomba. Nyuma ya kila moja kuna mtu aliyekaa mbele ya chombo, na thamani ya namba inategemea kama mtu huyo alijifunza kuandika alichoona.

Mwaka wa nne mwanafunzi hupewa mradi wake. Huenda ni madini mazito katika maji ya mto, huenda ni viambata vya mti unaotumiwa na waganga. Huandaa miyeyusho yake ya kulinganishia, hupima, hurudia, huchora mstari wake. Safari hii hakuna mwalimu aliyekwisha kupata jibu kabla yake, wala herufi kwenye chupa zenye majina yaliyofichwa kwenye droo ya ofisi. Msimamizi akiuliza, "Umejuaje ni hiyo?", hana wa kumtaja. Ana daftari, ana vipimo vitano badala ya kimoja, na ana kiasi cha shaka alichokihesabu mwenyewe. Anayeweza kujibu swali hilo bila kuinua sauti amehitimu, na maabara yoyote itakayompa kazi itaweza kuweka sahihi yake chini ya cheti.